Kuunganisha Sauti kwenye Moduli ya Modemu: Mwongozo Kamili, kutoka Maikrofoni hadi Simu Inayosikika

Moduli ya modemu (kipande kinachokiunganisha kifaa na mtandao wa simu) inayotuma data bila tatizo inaweza kukataa kabisa kubeba sauti. Laini imesajiliwa, antena inashika mtandao, ujumbe mfupi unatoka na kuingia. Lakini ukipiga simu, aliyepokea anasikia kimya, au anasikia mvumo mzito unaofunika kila neno. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha amri. Mimi nashikilia kwamba ubora wa sauti huamuliwa mapema zaidi: unapochagua toleo la moduli, unapolisha umeme, na unapochora njia za maikrofoni kwenye bodi. Amri za AT, yaani maandishi mafupi ya kuiagiza moduli, huja mwisho, na haziwezi kuiokoa bodi iliyochorwa vibaya.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga kifaa kinachozungumza: simu ya dharura ya lifti, intakomu ya geti, king'ora kinachompigia mwenye nyumba, kifaa cha gari.

Sauti inapita wapi?

Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme mdogo mno, milivolti chache tu. Umeme huo hupimwa mara 8,000 kwa sekunde katika simu ya kawaida, au mara 16,000 katika simu ya sauti pana, na kila kipimo huwa namba. Namba hizo huingia kwenye prosesa ya sauti iliyo ndani ya moduli, ambayo hupunguza mwangwi na kelele, kisha huzibana kwa vipande vya milisekunde 20 na kuvikabidhi kwa redio. Simu ya kawaida hubeba masafa ya takriban 300 hadi 3,400 Hz. Usimbaji wake, yaani njia ya kuibana sauti, wa AMR hutumia kati ya kilobiti 4.75 na 12.2 kwa sekunde. AMR-WB, ule wa sauti pana, hubeba 50 hadi 7,000 Hz kwa kilobiti 6.6 hadi 23.85. Sauti inayorudi hupita njia hiyohiyo kinyumenyume.

Usimbaji huu ulibuniwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea. Muziki huharibika ukipita humo, na milio inayobeba data, kama ile ya ving'ora vya zamani vilivyotuma taarifa kwa laini ya simu ya waya, mara nyingi haifiki ikiwa salama. Kama kifaa chako kinategemea milio ya aina hiyo, tuma taarifa kwa data au ujumbe mfupi, na uiachie njia ya sauti maneno tu.

Hatua ya 1: Hakikisha moduli yako ina sauti

Watengenezaji wengi hutoa moduli moja katika matoleo kadhaa yanayofanana kwa sura. Kuna la data peke yake na kuna la data pamoja na sauti. Pini zinaweza kuwa zilezile na jina likatofautiana kwa herufi mbili tatu za mwisho. Toleo la data tupu halina programu ya sauti ndani yake, na hakuna amri itakayoiumba. Soma namba kamili ya oda kwenye kibandiko, kisha tuma `ATI` na `AT+CGMR` uone jina na toleo la programu ya ndani. Linganisha na hati ya mtengenezaji kabla ya kununua kwa wingi.

Angalia pia aina ya mtandao. NB-IoT, mtandao wa vifaa vinavyotuma data kidogo, haina simu za sauti. LTE (4G) nayo haina simu ya mtindo wa zamani: ama simu inapita kama data kwa VoLTE, ama moduli inateremka kwenye 3G au 2G kila simu inapoingia au kutoka. Mahali ambapo 2G na 3G zimezimwa, moduli isiyo na VoLTE haiwezi kupiga simu hata ikiwa na alama kamili za mtandao. Tena VoLTE haitegemei moduli peke yake. Kampuni ya simu inaweza kuiruhusu kwa vifaa ilivyovikubali tu, na moduli inahitaji wasifu wa kampuni hiyo ndani yake. Kwenye moduli za Quectel kama EC25, `AT+QCFG="ims"` huonyesha hali ya huduma hiyo. Uliza kampuni ya simu mapema, kabla bodi haijaenda kiwandani.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Kuna milango mitatu, na si kila moduli ina yote.

Wa kwanza ni analogi. Unaunganisha maikrofoni na spika moja kwa moja kwenye pini za moduli, kama ilivyo kwa SIM800L, moduli ya 2G ya SIMCom. Ni rahisi kuanza nao, na ni mwepesi kuliko yote kudaka kelele.

Wa pili ni PCM, sauti ikiwa tayari namba. EC25 na SIM7600 ya SIMCom hutumia njia hii. Unahitaji chipu ya kodeki pembeni ili igeuze namba kuwa sauti ya spika, isipokuwa kama prosesa yako inapokea PCM yenyewe.

Wa tatu ni USB. Sauti inapita kwenye kebo ileile ya data na kuonekana kwenye Linux kama kadi ya sauti au kama bandari ya kawaida ya mfululizo.

Ushauri wangu: kama kifaa kina kompyuta ndogo yenye Linux, chagua USB, maana unaepuka chipu moja na nyaya kadhaa. Kama kina maikrokontrola tu na mtu anaongea mbele yake, chagua PCM pamoja na kodeki. Analogi iachie kazi ndogo ambazo maikrofoni inakaa karibu kabisa na moduli.

Hatua ya 3: Nyaya za analogi

Maikrofoni za elektreti zinahitaji umeme mdogo wa kuziamsha, unaoitwa bias. Baadhi ya moduli hutoa umeme huo kupitia pini zilezile za maikrofoni, nyingine zinataka rezista ya nje, mara nyingi karibu kilo-omu 2.2, pamoja na kapasita ya kuzuia umeme wa moja kwa moja. Soma mchoro wa mtengenezaji na usikisie, kwa sababu ukiweka bias mara mbili maikrofoni itasikika kwa shida, na usipoiweka kabisa haitasikika.

Pini huja kwa jozi: MIC+ na MIC-, SPK+ na SPK-. Zichore zikiwa sambamba, karibu karibu, zikizungukwa na graundi, mbali na antena na mbali na njia ya umeme mkuu. Jozi hiyo ndiyo kinga yako, kwani kelele inayoingia kwenye njia zote mbili kwa kiasi sawa hujifuta yenyewe.

Usiunganishe SPK- na graundi. Ni pato lenye umeme wake, si mguu wa kurudia. Ukitaka kuingiza sauti kwenye amplifaya yenye mguu mmoja, chukua SPK+ kupitia kapasita na uiache SPK- bila kuunganishwa, au tumia amplifaya inayopokea jozi nzima. Angalia pia ukinzani wa spika. Pato lililobuniwa kwa kisikilizio cha omu 32 halitaendesha vizuri spika ya omu 8, na hapo weka amplifaya.

Hatua ya 4: PCM, mahali wengi wanapokwama

PCM ina nyaya nne: PCM_CLK ndiyo kloku, PCM_SYNC hutangaza mwanzo wa kila kipimo, PCM_OUT hutoa sauti ya simu, na PCM_IN hupokea sauti ya maikrofoni. Kando yake mara nyingi kuna I2C, nyaya mbili ambazo moduli huzitumia kuipangia kodeki kazi.

Kwanza, volti. Moduli nyingi za LTE hufanya kazi hapa kwa volti 1.8. Ukiunganisha kodeki ya volti 3.3 moja kwa moja unaweza kuua pini za moduli. Chagua kodeki ambayo upande wake wa dijitali unakubali 1.8, au weka kibadilisha volti chenye kasi. Vile vya transista moja na rezista mbili vinafaa kwa I2C lakini huchelewa mno kwa kloku ya megahezi mbili.

Pili, nani anatoa kloku. Upande mmoja huongoza, mwingine hufuata. EC25, kwa mpangilio wake wa kawaida, huongoza: kloku ni 2,048 kHz, na PCM_SYNC hupiga mara 8,000 kwa sekunde. Gawanya, utaona kila mzunguko una biti 256, na sauti inatumia 16 tu. Kodeki lazima ijue biti hizo 16 ziko wapi. Wote wawili wakiongoza, kloku zinagongana. Wote wakifuata, hakuna kinachotembea. Kama kodeki inataka pia MCLK, kloku yake kuu, na moduli haiitoi, angalia kama kodeki hiyo ina PLL, saketi inayoweza kuzaa kloku hiyo kutoka PCM_CLK. Vinginevyo weka kristali.

Tatu, umbo la SYNC. Katika mtindo mfupi, SYNC ni pigo la urefu wa biti moja. Katika mtindo mrefu, pigo linadumu zaidi. I2S, mtindo mwingine wa kupitisha sauti ya namba, ni kitu kingine tena: waya wake wa kupanga hubaki juu nusu ya muda kwa sauti ya upande mmoja (kushoto au kulia) na chini nusu nyingine kwa upande wa pili, na data huanza biti moja baada ya mabadiliko. Hapa ndipo panapozaliwa kosa linalowasumbua watu kwa muda mrefu. Data ikisogea biti moja upande mmoja, minong'ono inasikika vizuri lakini kila neno la nguvu linapasuka kwa ukali, kwa sababu namba zimezidishwa mara mbili na biti ya alama (chanya au hasi) imepotea. Ikisogea upande wa pili, sauti inapungua. Ukisikia dalili hizo usiguse gaini, yaani kiwango cha kukuza sauti. Weka oskiloskopu (kifaa kinachoonyesha umbo la mawimbi ya umeme) kwenye SYNC, CLK na OUT kwa pamoja, uhesabu ni kwenye ukingo gani biti ya kwanza inatokea.

Kwenye EC25 amri ya kuchagua mpangilio ni `AT+QDAI`. Thamani ya 1 ni PCM unayoipanga mwenyewe, na 3 huiambia moduli kuwa kodeki ni ALC5616 ili iipangie yenyewe kwa I2C. Anza na `AT+QDAI=?` uone programu yako ya ndani inakubali nini, kisha uwashe moduli upya baada ya kubadilisha. Kutumia kodeki ambayo moduli tayari inaijua huokoa kazi nyingi mno, kwani ukichagua nyingine utaandika rejista zake zote (namba za mipangilio yake) kwa mkono.

Hatua ya 5: Sauti kwa USB

Kwenye SIM7600, piga simu kwanza, subiri taarifa ya `VOICE CALL: BEGIN`, ndipo utume `AT+CPCMREG=1`. Namba za sauti zitaanza kutiririka kwenye bandari yake ya USB. Kwenye EC25, `AT+QPCMV=1,2` hupeleka sauti kwenye kadi ya sauti ya USB, mradi umeiwasha kadi hiyo kwanza kwa `AT+QCFG="USBCFG"`. Hakikisha kwa `arecord -l`, kisha jaribu kurekodi simu:

`arecord -D hw:1,0 -f S16_LE -r 8000 -c 1 jaribio.wav`

Namba ya kadi itategemea mashine yako.

Kama unasoma bandari mwenyewe, hesabu ni hii: vipimo 8,000 kwa sekunde, baiti mbili kila kimoja, ni baiti 16,000 kwa sekunde, yaani baiti 320 kila milisekunde 20. Katika sauti pana ni 640. Ukipeleka faili la 16,000 kwenye bandari ya 8,000, sauti itatoka nzito na ya kuburuta. Ukicheza faili la WAV, ruka kichwa chake, ambacho kwa kawaida ni baiti 44, la sivyo msikilizaji atasikia mlipuko mdogo mwanzoni.

Kuna jambo ambalo halionekani kwenye jaribio fupi. Kloku ya mtandao wa simu na kloku ya prosesa yako hazilingani kabisa. Ukituma kwa kufuata saa yako mwenyewe, bafa (hifadhi ya muda ya sauti) inajaa au inakauka polepole, na baada ya muda sauti inaanza kuchelewa au kukatika. Tiba ni kuifanya sauti inayoingia iongoze inayotoka: kila ukipokea baiti 320, tuma 320. Usipokuwa na la kusema, tuma sifuri, lakini usiache kutuma.

Hatua ya 6: Mvumo wa 217 Hz

Sehemu hii ina uzito kuliko amri zote zinazofuata. Katika 2G, moduli hairushi redio mfululizo. Inarusha kwa mapigo ya maikrosekunde 577, pigo moja katika kila milisekunde 4.615. Hiyo ni karibu mara 217 kwa sekunde, ndani kabisa ya masafa ambayo sikio linayasikia. Kila pigo linaweza kuvuta hadi ampea 2. Huo ndio mvumo unaosikika spika yoyote ikikaribiana na simu ya 2G.

Unaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni umeme: volti ya betri inashuka kila pigo, na graundi inayumba pamoja nayo. SIM800L inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, kwa hiyo waya mwembamba au chanzo dhaifu huleta mvumo, na udhaifu huo ukizidi, moduli hujizima katikati ya simu. Weka kapasita kubwa yenye ukinzani mdogo wa ndani, maikrofaradi 100 au zaidi, karibu kabisa na pini za umeme, pamoja na ndogo za pikofaradi pembeni yake. Chora njia nene na fupi. Ipe graundi ya maikrofoni njia yake yenyewe hadi kwenye moduli, isipite mahali ampea 2 zinapopita. Graundi ya sauti ni kama kisima cha maji ya kunywa: usiruhusu mfereji wa maji machafu upite juu yake.

Njia ya pili ni hewa. Mawimbi ya antena yanagonga nyaya za maikrofoni, na transista ndogo iliyo ndani ya elektreti inayageuza kuwa sauti. Kinga ya kawaida ni kapasita ndogo zilizowekwa pale pale kwenye miguu ya maikrofoni, pikofaradi 33 kwa bendi ya 900 MHz na pikofaradi 10 kwa 1,800 MHz, pamoja na ferrite (kipande cha kuzuia mawimbi ya redio) kwenye kila waya.

Kujua ni ipi kati ya hizo mbili, isogeze antena mbali kwa kebo. Mvumo ukipungua sana, unaingia kwa hewa. Ukibaki vilevile, kagua umeme. Kisha lazimisha moduli ikae kwenye 3G au LTE. Mvumo ukitoweka, umethibitisha chanzo ni mapigo ya 2G. Hilo halimaanishi umepona, kwa maana kifaa kikirudi kwenye 2G mahali penye mtandao hafifu, mvumo utarudi na nguvu zote.

Hatua ya 7: Piga simu

Mpangilio wa chini kabisa ni huu:

`AT+CREG?` kuona kama laini imesajiliwa.
`ATD` ikifuatwa na namba, kisha alama ya nukta mkato mwishoni.
`AT+CLCC` kuona hali ya simu.
`ATA` kupokea, `ATH` kukata.

Ile nukta mkato ni ya lazima. Bila hiyo, moduli hudhani unaanzisha muunganisho wa data. Kwa vitufe vya menyu za simu tumia `AT+VTS`, usicheze mlio kupitia maikrofoni, kwa sababu usimbaji na kichuja kelele huweza kuuharibu. Simu ikikatika bila maelezo, `AT+CEER` hutoa sababu.

Hatua ya 8: Viwango vya sauti, kisha mwangwi

Ukubwa wa spika hupangwa kwa `AT+CLVL`, lakini kipimo hutofautiana: SIM800 inakwenda 0 hadi 100, EC25 inakwenda 0 hadi 5. Uliza kwanza kwa `AT+CLVL=?`. Gaini ya maikrofoni kwenye SIM800 ni `AT+CMIC`, ngazi 0 hadi 15, kila moja ikiongeza desibeli 1.5. Quectel hutumia `AT+QMIC`.

Panga maikrofoni kabla ya spika. Ongea kwa sauti ya kawaida kutoka umbali ambao mtumiaji halisi atasimama, kisha paza sauti. Maneno ya kupaza yakipasuka, punguza. Ni afadhali sauti ndogo iliyo safi, msikilizaji ataongeza upande wake, kuliko kubwa iliyovunjika, ambayo hakuna wa kuitengeneza.

Kuhusu mwangwi, elewa kwanza nani anausikia. Mtu wa mbali akisikia sauti yake ikimrudia, kosa liko kwenye kifaa chako: spika inaongea ndani ya maikrofoni. Tenganisha hivyo viwili kadiri kasha linavyoruhusu, viangalie pande tofauti, na ziba kila upenyo ndani ya kasha. Kisha chagua wasifu unaolingana na umbo la kifaa, kama `AT+QAUDMOD` kwenye Quectel au `AT+CSDVC` kwenye SIM7600, kwani wasifu wa kusikilizia sikioni hauwezi kudhibiti spika ya wazi.

Kifuta mwangwi hufanya kazi kwa kukadiria jinsi sauti ya spika inavyorudi kwenye maikrofoni. Spika ikipasuka kwa kuzidiwa, makadirio hayo hayalingani tena na kinachorudi, na mwangwi unapita. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke kitufe cha sauti kwenye amplifaya iliyo nje ya moduli, maana kila mtumiaji akikizungusha njia ya mwangwi inabadilika bila moduli kujua. Kitufe kitume `AT+CLVL`, na amplifaya ibaki palepale.

Hatua ya 9: Kutafuta kosa

Kwa PCM, jaribio linalofundisha zaidi ni kukata kodeki na kuunganisha PCM_OUT na PCM_IN. Piga simu. Mtu wa mbali akijisikia mwenyewe kwa usafi, basi mtandao, moduli na usimbaji ni vizima, na tatizo limo kwenye kodeki au analogi yake. Asipojisikia, angalia kama kloku inatoka kabisa. Moduli nyingine huiwasha wakati wa simu tu, kwa hiyo usiihukumu kabla simu haijapokelewa. EC25 ina pia `AT+QAUDLOOP=1`, inayorudisha maikrofoni kwenye spika bila kupiga simu, na hapo unapima kodeki peke yake.

Sauti ikipita upande mmoja tu, shuku waya mmoja wa data, bias ya maikrofoni, au `AT+CMUT`, amri ya kunyamazisha maikrofoni, iliyoachwa ikiwa 1. Ikikatikakatika ovyo huku `AT+CSQ`, kipimo cha nguvu ya mtandao, ikionyesha namba ndogo, tatizo ni redio, na hakuna gaini itakayolitibu.

Mwisho, usidhani moduli inakumbuka. Mipangilio mingi ya sauti hupotea umeme ukikatika, na mingine, kama `AT+CPCMREG`, hutakiwa kutumwa upya kila simu. Programu yako itume orodha nzima kila inapowaka, isome majibu, na irudie moduli ikijizima yenyewe. Kisha kijaribu kifaa mahali penye mtandao hafifu, betri ikiwa karibu kuisha na kasha limefungwa, kwa sababu hapo ndipo moduli inaporusha kwa nguvu zake zote na volti iko chini kabisa.